Kamwokya na Muziki Wake: Kutoka Ngoma za Makumbusho hadi Jukwaa la Siasa

Bonde kati ya vilima

Kamwokya iko kaskazini ya katikati ya jiji la Kampala, kando ya Barabara ya Kira. Kusini yake kinainuka kilima cha Kololo, chenye makazi ya mabalozi na matajiri. Magharibi iko Mulago na hospitali yake kuu. Kaskazini iko Bukoto. Kiutawala mtaa huu una parishi mbili. Kamwokya I imekaa juu, penye nyumba za bustani na barabara za lami. Kamwokya II imeteremka bondeni, penye soko, vichochoro, mitaro na safu za vyumba vya kupanga ambavyo Kampala huitwa mizigo: chumba kimoja, mlango mmoja, familia nzima ndani. Kifumbira, eneo linalotajwa sana katika habari za mtaa huu, limo katika sehemu hiyo ya chini. Bondeni humo ndimo ulimokulia muziki uliovuma Uganda nzima mwanzoni mwa karne ya 21, na ndimo alimokulia mwanamuziki aliyekuja kuwa kiongozi mkuu wa upinzani nchini.

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati tu. Kamwokya ilizaa wasanii kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa nafuu, na papo hapo redio, kumbi, makumbusho na wateja wenye fedha walikuwa karibu. Kijana wa mtaa maskini ulio pembezoni mwa jiji hutumia nauli na siku nzima kumfuata mtu wa kumsikiliza. Kijana wa Kamwokya alivuka barabara.

Ujirani huo una asili yake katika ukoloni. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi kubwa kwa Kabaka (mfalme), machifu na watu mashuhuri wa ufalme, na mji wa wakoloni ukakua pembeni ya mji wa Kabaka. Wazungu walichukua vilele vya Nakasero na baadaye Kololo, Wahindi wakajenga kwenye mitaa ya biashara, na Waafrika walioajiriwa mjini wakabaki kutafuta vyumba nje ya mipaka. Katika miaka ya 1940 mbunifu wa majengo Mjerumani Ernst May, aliyekuwa amejipatia jina kwa mipango yake ya makazi huko Frankfurt kabla ya kuja Afrika Mashariki, alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru. Ramani zilishughulikia vilima. Mabonde yaliyokuwa katikati, yenye unyevu na mbu, yalijijaza yenyewe: wapishi, watunza bustani, wauguzi, mafundi na wachuuzi waliohudumia vilima hivyo walihitaji mahali pa kulala, na Kamwokya ilikuwa karibu kuliko kwingine.

May huyo huyo ndiye aliyechora jengo la Makumbusho ya Uganda, lililofunguliwa mwaka 1954 kwenye kilima cha Kitante, kando ya Barabara ya Kira. Mtaa wa mabanda na nyumba ya kuhifadhi utamaduni wa taifa vikawa majirani.

Wapiga ala wa Kabaka, 1948–1967

Makumbusho yenyewe yalianza mwaka 1908 huko Old Kampala, katika ngome ya Lugard, yakahamia Makerere, ndipo yakafika Kitante. Aliyeyapa sura ya nyumba ya muziki ni Klaus Wachsmann. Alizaliwa Berlin mwaka 1907, akaikimbia Ujerumani ya Wanazi kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, na mwaka 1937 akafika Uganda kufanya kazi na misheni. Kuanzia 1948 hadi 1957 alikuwa msimamizi wa Makumbusho. Alizunguka nchi nzima na mashine ya kurekodia, akachukua sauti za mamia ya waimbaji na wapiga ala, na mwaka 1953 akatoa pamoja na Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, kitabu kikubwa kuhusu ufundi wa makabila ya Uganda.

Uamuzi wake wenye maana zaidi ulikuwa kutoziacha ala zikae kimya ndani ya makabati ya vioo. Aliajiri wanamuziki wazipige mbele ya wageni. Mkuu wao alikuwa Evaristo Muyinda, mpiga ala wa kasri la Kabaka, bingwa wa marimba za mbao za Buganda. Amadinda, aina ya marimba hizo yenye papi 12, hupigwa na watu watatu kwa wakati mmoja. Wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na tuni yake. Pigo la mmoja huangukia kwenye mwanya wa pigo la mwenzake, na kutokana na mafumbano hayo hutoka mwendo wa kasi ambao mkono wa mtu mmoja hauwezi kuufikia. Wa tatu hushika papi mbili za mwisho upande wa sauti nyembamba na kuuokota humo wimbo ambao wawili wa kwanza wamekuwa wakiuficha. Muyinda alimfundisha ufundi huo mtafiti Gerhard Kubik wa Austria mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa njia hiyo muziki wa Buganda ukaingia katika vyuo vikuu vya Ulaya. Aliunda pia kundi lililochanganya ala ambazo kasrini kila moja ilikuwa na kundi lake: marimba, zeze, filimbi na ngoma pamoja.

Kuchanganya huko kulikuwa kitendo cha kisasa kuliko kilivyoonekana. Kasrini kila kundi la ala lilikuwa na zamu, heshima na mara nyingi ardhi yake. Mpiga filimbi hakuwa mpiga ngoma za entenga. Makumbusho, yasiyofungwa na itifaki ya Kabaka, yalimwezesha Muyinda kutunga kitu kipya kwa vitu vya zamani.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilivamia kasri la Lubiri huko Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, na mwaka uliofuata katiba mpya ikafuta falme zote. Ala za kasri ziliteketea au kuporwa, na wapigaji wakatawanyika. Wengine walirudi vijijini na hawakupiga tena hadharani. Entenga, seti ya ngoma 15 ambazo 12 kati yake huwambwa kwa tuni kama marimba, ilinyamaza kwa miongo kadhaa hadi ilipofufuliwa katika miaka ya 2010. Waliobaki na kazi ya muziki walikuwa wachache, na baadhi yao waliipata Makumbusho. Albert Ssempeke, mpiga filimbi na kinubi aliyekuwa katika makundi ya kasri, ni mmoja wa waliofanya kazi hapo baada ya uvamizi.

Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya vijana wa Kamwokya kushika maikrofoni, ng'ambo ya barabara yao palikuwa pamewapokea wasanii waliofukuzwa na siasa. Mkasa wa aina hiyo ungejirudia mtaani kwa sura nyingine.

Miaka ya hofu, 1971–1986

Chini ya Amin, aliyetwaa utawala mwaka 1971, sanaa haikufa, ila ilijifunza kujificha. Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maigizo, aliupeleka Lagos mchezo wake wa kuimba *Oluyimba lwa Wankoko* katika tamasha la FESTAC mwaka 1977. Muda mfupi baada ya kurudi alitekwa na kuuawa. Wanamuziki walisoma alama hizo. Bendi ya Cranes, iliyokuwa maarufu katika miaka ya 1960, ilivunjika, na mwaka 1975 baadhi ya wapigaji wake, akiwamo mpuliza saksafoni Moses Matovu, wakaanzisha Afrigo. Bendi hiyo ilidumu kwa kucheza muziki wa dansi katika kumbi na hoteli, ikihama kila hali ilipobadilika, na imebaki kuwa bendi kongwe kuliko zote nchini.

Muziki wa maskini ulikuwa kadongo kamu: mwimbaji mmoja, gitaa kavu, na hadithi ndefu ya Kiganda kuhusu mapenzi, kifo, deni au mwanamke aliyetoroka. Haukuhitaji umeme wala bendi, na ndiyo maana ulienea mahali ambapo vyote viwili havikuwapo.

Vita vya msituni vya Luweero, kuanzia 1981 hadi jeshi la Yoweri Museveni lilipoiteka Kampala Januari 1986, vilisukuma watu wengi kuingia jijini. Mabonde yakajaa. Kisha UKIMWI ukapita nyumba kwa nyumba, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Wakatoliki wa Kamwokya wakaanzisha huduma ya jirani kwa jirani ya kuwauguza wagonjwa na kuwatunza yatima. Mwaka 1989 Philly Lutaaya, mwanamuziki wa zamani wa Cranes aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba anao ugonjwa huo, wa kwanza miongoni mwa Waganda mashuhuri. Alizunguka mashuleni na makanisani akiimba na kuonya hadi alipofariki Desemba mwaka huo. Kizazi kilichokuwa na umri wa shule ya msingi wakati ule kilijifunza kwake jambo ambalo baadaye lilizaa matunda Kamwokya: mwanamuziki anaweza kusimama mbele ya taifa na kusema lile ambalo wenye mamlaka wanalikwepa.

Redio, karioki na njia ya Nairobi, 1993–2000

Mwisho wa mwaka 1993 ukiritimba wa redio ya serikali ulivunjika. Sanyu FM na Capital FM zilianza kurusha matangazo, na mwaka 1996 ikafuata CBS, redio ya ufalme wa Buganda uliokuwa umerudishwa mwaka 1993. Mwanzoni vituo vya Kiingereza vilijaza hewa kwa muziki wa Marekani na Jamaika, na vijana wa mitaa wakauiga. Ragga Dee na Menton Summer ni miongoni mwa waliothubutu kuimba ragga kwa Kiganda.

Shule ya wengi ilikuwa karioki. Katika baa za Kampala vijana walipanda jukwaani, kanda ya wimbo wa mtu mwingine ikachezwa, nao wakauigiza kwa midomo, kwa mavazi na kwa viuno. Malipo yalikuwa noti zilizotupwa na wanywaji. Wasomi waliidharau kazi hiyo, lakini ilifundisha mambo mawili ambayo studio haifundishi: kumtazama mlipaji machoni na kuujaza ukumbi kabla hujaimba neno. Vibanda vya video navyo viliongeza somo lake. Humo mtafsiri aliyeitwa VJ alisimulia filamu za Marekani na Hong Kong kwa Kiganda, moja kwa moja juu ya sauti za waigizaji, akitia vichekesho na majina ya mitaa ya Kampala. Watazamaji wake walizoea kwamba kitu cha kigeni hugeuzwa kuwa cha kwao papo hapo.

Studio zenye sauti safi zilikuwa chache, kwa hiyo waliotaka kufika mbali walipanda basi kwenda Nairobi. Jose Chameleone na Bebe Cool walirekodi huko na Ogopa Deejays mwishoni mwa miaka ya 1990, na Chameleone akarudi na *Mama Mia*. Nairobi iliwapa pia lugha. Nchini Uganda Kiswahili kilikuwa kimebeba sifa mbaya ya kuwa lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, na Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukiongezea wapenzi. Chameleone alipokiimba katika nyimbo kama *Jamila*, wasichana wa Kampala walikijua kwa mara ya kwanza kama lugha ya mapenzi. Jambo hilo lilifanya kazi ambayo amri za serikali hazikuweza.

Firebase, 2000–2011

Robert Kyagulanyi Ssentamu alizaliwa tarehe 12 Februari 1982 katika hospitali ya Nkozi, na akalelewa Kamwokya. Mama yake alikuwa muuguzi, naye ndiye aliyenunua kiwanja na kuilea familia hapo. Si kweli, basi, kwamba kila aliyetoka bondeni alitoka mtaroni. Familia yake ilikuwa ya watu waliosoma, ikaishi katikati ya wasiosoma. Kyagulanyi alisomea muziki, dansi na maigizo Chuo Kikuu cha Makerere na kupata diploma mwaka 2003. Kaka yake, Eddy Yawe, alikuwa mwanamuziki na mtayarishaji, na Dream Studios aliyoiendesha Kamwokya iliondoa kikwazo kikubwa cha mtaa. Sasa aliyekuwa na wimbo hakulazimika kupanda basi la Nairobi.

Studio za aina hiyo hazikuwa na fahari. Kompyuta, kinanda, maikrofoni, chumba kilichozibwa sauti kwa vitu vilivyopatikana, na foleni ya vijana mlangoni. Mtayarishaji alipiga biti kwenye kinanda, mwimbaji akaitikia kwa tuni aliyokuwa akiinong'ona njiani, na umeme ukikatika wote walisubiri. Umeme huo huo ukaja kuwa mada: Kyagulanyi, ambaye jukwaani alijulikana kwa jina la Bobi Wine, aliutungia wimbo wa *Time Bomb*.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yeye na rafiki zake wa mtaani waliunda Firebase Crew. Buchaman, Nubian Li na wengineo walikuwa humo. Walijitangazia serikali yao: Bobi Wine akawa rais wa geto, Buchaman makamu wake. Cheo hicho kilianza kama mchezo wa jukwaani, na wapinzani wao, Gagamel ya Bebe Cool na Leone Island ya Chameleone, walikipokea hivyo. Ushindani wa makundi hayo matatu uliuza magazeti, ukajaza viwanja na kuwapa vijana wa kila mtaa upande wa kushangilia. Kuanzia 2003 tuzo za muziki za PAM zilitia moto zaidi.

Ila maneno ya Firebase yalikuwa na uzito tofauti. Waliimba kwa Kiganda kilichotiwa Luyaaye, lugha ya vijana wa mitaani ambayo imechota kutoka Kiganda, Kiswahili na Kiingereza, na mada zao ziliokotwa mlangoni: choo cha kulipia, polisi, kodi ya chumba, dada aliyeachwa na mimba. Bobi Wine aliimba hata kuhusu kikomando, chapati iliyokatwa vipande na kuchanganywa na maharage, chakula cha mtu mwenye shilingi chache na kazi ngumu mbele yake. Mlaji wa kikomando hakuwa amezoea kujisikia redioni.

Biashara ya muziki huo ilikuwa na kasoro kubwa. Mwimbaji alimuuzia msambazaji wa kaseti katikati ya jiji haki ya wimbo kwa malipo ya mara moja, na baada ya hapo kaseti zikiuzwa elfu moja au laki moja kwake ilikuwa sawa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 haikubadilisha mengi. Mapato ya kweli yalitoka kwenye maonyesho ya moja kwa moja, yale yaitwayo ebivvulu, na ndiyo sababu msanii wa Kampala alihitaji sana kibali cha polisi na uwanja. Mwenye kibali alishika mshipa wa riziki yake. Wakati huo wachache waliliona hilo kuwa hatari.

Sehemu ya juu: picha, maduka na kodi

Upande wa juu wa mtaa ulifuata njia nyingine. Afriart Gallery, iliyoanzishwa mwaka 2002 na mchoraji Daudi Karungi, mhitimu wa Makerere, ilikaa kwa miaka katika Kenneth Dale Drive, Kamwokya, ikiuza picha za wasanii wa Uganda kwa wanadiplomasia na kwa tabaka jipya la Waganda wenye uwezo, kabla ya kuhamia eneo la viwanda. Karungi ndiye pia aliyeanzisha maonyesho ya Kampala Art Biennale mwaka 2014. Kisementi, kwenye mpaka wa Kamwokya na Kololo, ikajaa baa na migahawa, na duka kubwa la Acacia Mall likafuata. Vijana wa bondeni walipanda huko kufanya kazi za ulinzi, jikoni na udereva wa bodaboda. Waliobahatika walipanda kuimba.

Makumbusho nayo nusura yaondoke. Mwaka 2011 serikali ilikuwa na mpango wa kujenga kwenye kiwanja chake jengo la biashara la ghorofa 60. Wanaharakati wa urithi walikwenda mahakamani, mpango ukasimama, na jengo la Ernst May bado lipo. Ushindi huo haukupigiwa kelele kiasi ulichostahili, kwa kuwa wadai walikuwa wachache na mdaiwa alikuwa serikali.

Kutoka wimbo hadi kura, 2011–2021

Mwaka 2011 uendeshaji wa Kampala ulichukuliwa na mamlaka mpya, KCCA, chini ya Jennifer Musisi. Vibanda vilibomolewa na wachuuzi wakafukuzwa barabarani ili jiji lisafishwe. Bobi Wine alijibu kwa *Tugambire ku Jennifer*, wimbo wa kumwomba mtu yeyote mwenye kumfikia mkuu huyo amweleze apunguze ukali. Ni wimbo wa upole, wa kuomba na si wa kutishia, na pengine ndiyo maana ulipenya kila mahali. Wachuuzi wa Kamwokya walikuwa wamepata msemaji ambaye hawakumpigia kura.

Oktoba 2015, uchaguzi ukikaribia, kundi la wasanii wakubwa akiwamo Chameleone, Bebe Cool na Juliana Kanyomozi walitoa *Tubonga Nawe*, wimbo wa kumuunga mkono Rais Museveni. Wasikilizaji wengi waliwazomea, na baadhi ya maonyesho yao yaliingia dosari kwa hasira hizo. Bobi Wine hakuwamo. Mwaka uliofuata alitoa *Dembe*, akitaka uchaguzi wa amani. Hapo ndipo njia za makundi ya zamani zilipoachana rasmi: waliogombania mashabiki sasa waligawanywa na jambo lisilosuluhishwa kwa tuzo.

Tarehe 29 Juni 2017 Bobi Wine alishinda uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kyadondo Mashariki kwa zaidi ya robo tatu ya kura, akiwaacha mbali wagombea wa vyama vikubwa. Kofia nyekundu ya bereti na jina la People Power vikatoka geto na kuenea nchini. Agosti 2018, huko Arua, dereva wake Yasin Kawuma aliuawa kwa risasi, na yeye mwenyewe akakamatwa na kuumizwa kizuizini. Baada ya hapo ule mshipa wa vibali ulianza kukazwa. Uwanja wa taifa wa Namboole ulipokataliwa, onyesho lake la *Kyarenga* lilifanyika tarehe 10 Novemba 2018 kwenye ufukwe wake wa One Love, Busabala, mbele ya umati mkubwa. Lile lililopangwa Jumatatu ya Pasaka mwaka 2019 polisi walilizuia. Mwaka huo pia serikali ilitoa kanuni mpya chini ya sheria ya michezo ya jukwaani iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni, zikiwataka wasanii wapate leseni na kazi zao zikaguliwe. Wasanii wengi ambao hawakuwa na chama chochote walizipinga, kwa kuwa waliona wazi kwamba leseni inayotolewa kwa mwimbaji ni leseni inayoweza kunyimwa.

Firebase haikuvuka mtihani huo ikiwa moja. Mwaka 2019 Buchaman, makamu wa rais wa geto, aliteuliwa na Museveni kuwa mjumbe wake wa masuala ya geto. Nubian Li alibaki na Bobi Wine, na wote wawili walipoimba *Corona Virus Alert* Machi 2020, wimbo wa kuhimiza watu wanawe mikono, ulisikika dunia nzima. Mwezi huo huo kumbi za Uganda zilifungwa kwa ajili ya janga hilo, na baa na maonyesho hayakurudi hadi Januari 2022. Karibu miaka miwili bila ebivvulu ilikuwa njaa kwa watu ambao sehemu kubwa ya mapato yao ilitoka getini.

Katikati ya mwaka 2020 Bobi Wine alikichukua chama cha National Unity Platform (NUP), na makao yake yakawa Kamwokya. Tarehe 14 Oktoba vikosi vya usalama viliyavamia na kuchukua fomu, nyaraka na bereti. Mwezi uliofuata, alipokamatwa Luuka akiwa kwenye kampeni za urais, ghasia zililipuka na watu zaidi ya 50 wakauawa. Katika matokeo rasmi ya uchaguzi wa Januari 2021 alipewa asilimia 35, Museveni 58. NUP kikawa chama kikuu cha upinzani bungeni. Mtaa uliokuwa ukitoa nyimbo sasa ulikuwa ukitoa habari za kukamatwa.

Baada ya 2021

Chama kilihamia Makerere-Kavule. Filamu ya *Bobi Wine: The People's President*, ya Christopher Sharp na Moses Bwayo, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022 na ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya mwaka 2024. Kwa wakati huo uzito wa sanaa mpya ya Kampala ulikuwa umesambaa kwenye mitaa mingine. Makindye ilikuwa na Ghetto Kids, watoto waliofahamika kwa kucheza *Sitya Loss* ya Eddy Kenzo mwaka 2014 na wakafika fainali za Britain's Got Talent mwaka 2023. Wakaliga ilikuwa na filamu za mapigano za Isaac Nabwana. Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilikuwa imetoa singeli ya Dar es Salaam katika *Sounds of Sisso* mwaka 2017, na kumpa jukwaa MC Yallah, anayeghani kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo.

Kamwokya haijanyamaza, lakini imepata gharama ya umaarufu wake. Msanii chipukizi anayetajwa kuwa wa huko huulizwa kwanza yuko upande gani, kabla ya kuulizwa anaimba nini. Ardhi iliyo karibu na Kisementi inaendelea kupanda thamani, na wapangaji wa mizigo hawana hati ya kuwakinga. Unafuu wa kodi, ambao ndio uliokusanya vipaji bondeni, haukuwahi kulindwa na mpango wowote wa jiji.

Rekodi alizokusanya Wachsmann zilihifadhiwa London kwa miongo mingi, na nakala zake zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, katika hifadhi ya sauti iliyopewa jina lake. Nyimbo za Kamwokya za miaka ya 2000 hazikupata bahati hiyo. Zilirekodiwa kwenye kompyuta zilizokwisha kuharibika, zikauzwa kwa kaseti na CD ambazo leo zimo makabatini na chini ya vitanda. Wenye studio, watangazaji na mashabiki walionazo wazikabidhi Makerere au Makumbusho mapema, wakati waliozipiga na kuziimba bado wapo na wanaweza kueleza nani alifanya nini.